Usione programu zaelea, zimeundwa

Yapo mazoea mawili katika shule zetu ambayo yamepewa jina moja ilhali hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kunakili. Mwalimu hupata maazimio ya kazi yaliyoandikwa na mwenzake wa kaunti nyingine, akafuta jina la mwenyewe, akatia lake, kisha akayapeleka kwa mwalimu mkuu. Mwanafunzi naye huhamisha programu kwa flashi kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, asijue nani aliyeiunda wala ndani yake mna nini. Zoea la pili ni kushirikiana, nalo ni adimu. Mtu hupokea kazi ya mwenzake, akaisoma, akarekebisha palipo na kasoro, akaandika jina lake kando ya jina la aliyemtangulia, halafu akairudisha ili wengine wafaidi. Nathubutu kusema kwamba tumekuwa hodari wa zoea la kwanza na wavivu wa la pili, na kwamba elimu ya tarakilishi tunayojivunia haitazaa mafundi mpaka tuitengue hali hiyo.

Ushahidi wangu nautoa mbali kidogo. Ni historia ya wapenzi wa tarakilishi wa Marekani kuanzia mwaka 1975, na hasa ya programu saidizi walizoandika na kupeana. Nimeichagua kwa kuwa watu hao walianza na vyombo duni mno kuliko simu iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi wa shule ya upili leo, na hata hivyo baadhi ya mambo waliyoyabuni tungali tunayatumia kila siku bila kujua. Chambilecho wahenga, usione vyaelea, vimeundwa.

Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilichapisha jaladani picha ya chombo kilichoitwa Altair 8800. Kiliundwa na kampuni ndogo ya MITS mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Mnunuzi aliagiza vipande vyake kwa posta kwa bei isiyofika dola 400, akaviunganisha mwenyewe nyumbani. Kumbukumbu yake ilikuwa ya baiti 256. Baiti moja hutosha kuhifadhi herufi moja, kwa hiyo kumbukumbu nzima ya Altair isingeweza kubeba aya niliyoanzia makala haya. Hakikuwa na kibodi wala kiwambo. Mwenyewe alikiamuru kwa kupandisha na kuteremsha swichi zilizopangwa usoni pake, nacho kikamjibu kwa taa ndogo ndogo.

Chombo kama hicho bila programu ni sanduku tu, na programu za kununua zilikuwa chache mno. Ndipo wenyewe wakaanza kukutana. Mnamo Machi 5, 1975, katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, kilifanyika kikao cha kwanza cha Homebrew Computer Club. Waliohudhuria walikuja na vifaa vyao, matatizo yao na majibu waliyoyapata. Vyama vingine vya aina hiyo vikachipuka katika majimbo mengine.

Haikuchukua muda kabla ya ugomvi kuzuka, na ugomvi wenyewe unatuhusu. Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na Monte Davidoff, walikuwa wameiandikia Altair lugha ya BASIC, na MITS ikawa inaiuza. Ilihifadhiwa katika kanda ya karatasi iliyotobolewa matundu. Kanda moja iliwafikia wanachama wa Homebrew, ikanakiliwa, nakala zikagawanywa. Februari 3, 1976, Gates, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa tarakilishi. Alilalamika kwamba wengi wa wanaoitumia BASIC hawakuinunua, na kwamba katika kila wenye Altair kumi hakufika hata mmoja aliyekuwa ameilipia. Akauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira.

Watu wengi walimkasirikia, na hadi leo wako wanaoisimulia barua ile kana kwamba ilikuwa ukatili wa tajiri. Mimi naona haki apewe mwenye haki. Wakati huo Gates hakuwa tajiri, kazi ilikuwa yake na wenzake, na hawakuwa wametoa idhini. Isitoshe, walionakili kanda ile hawakurudisha chochote. Hawangeweza. Kanda ilibeba namba za mashine tupu, wala haikubeba maandishi ya asili ambayo binadamu huyasoma na ambayo wataalamu huyaita msimbo. Aliyeipata aliweza kuitumia, lakini hakuweza kujifunza kutokana nayo wala kuitengeneza ilipokosea. Alikuwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu bila njia.

Hata kabla ya barua hiyo kuandikwa, wengine walikwisha kushika njia nyingine. Dennis Allison, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, alihimizwa na Bob Albrecht wa People's Computer Company kubuni muundo wa BASIC ndogo kabisa, iliyoweza kuenea katika kumbukumbu finyu. Muundo ukachapishwa, wasomaji wakaalikwa waijenge wenyewe na kutuma walichokijenga. Wakafanya hivyo, kila mtu kwa namna yake, na Januari 1976 likaanzishwa jarida lililokuja kujulikana kama Dr. Dobb's Journal ili kuyachapisha maandishi hayo kwa ukamilifu. Mwaka huohuo Li-Chen Wang alitoa BASIC yake iliyoenea katika takriban kilobaiti 2, na katika mistari ya mwanzo akayapindua kwa mzaha maneno ya kawaida ya hakimiliki ili kila asomaye ajue kwamba ana ruhusa. Tom Pittman aliiuza yake, lakini kwa dola 5 tu.

Hebu mwalimu afikirie maana ya jambo hili. Msomaji wa jarida hilo alikaa usiku na kurasa mkononi, akaandika maagizo moja baada ya jingine kwenye chombo chake. Akikosea herufi moja, programu haifanyi kazi, naye hurudi nyuma kutafuta. Mtu hawezi kupitia kurasa nyingi za msimbo kwa namna hiyo asijiulize kila agizo lafanya nini. Kunakili kwa mkono kulikuwa kusoma.

Mambo yalipanuka zaidi kwa mfumo endeshi ulioitwa CP/M, ambao Gary Kildall aliubuni mwaka 1974 na ambao baadaye ulitumika katika tarakilishi za makampuni mengi. Ulihifadhi faili katika diski laini, pana za inchi 8, na diski moja ya kawaida ilibeba baiti 256,256. Mfumo wenyewe ulikuja na vyombo vichache. Basi aliyepungukiwa na kitu alikiandika mwenyewe, akakituma kwa CP/M Users Group, chama cha watumiaji kilichokuwa na makao yake New York. Chama kilizikusanya programu hizo katika diski zilizopewa namba mfano wa majuzuu ya kitabu, na yeyote aliyetaka alitumiwa diski kwa malipo madogo. Huko New Jersey, chama cha wapenzi wa tarakilishi kikaanzisha mkusanyo wake, SIG/M. Nitataja programu za aina tatu tu, kwa kuwa kila moja ni somo zima.

Ya kwanza ni ya kufufua faili iliyofutwa. Katika CP/M kila faili ilikuwa na kumbukumbu yake katika orodha iliyo mwanzoni mwa diski. Mtumiaji alipoagiza faili ifutwe, mfumo haukuigusa faili yenyewe. Ulibadilisha baiti ya kwanza tu ya kumbukumbu ile, ukatia namba 229 kuwa alama kwamba nafasi hii iko wazi. Ni kama mkutubi aliyekata jina la kitabu katika daftari ilhali kitabu chenyewe kingali rafuni, na kitabaki hapo hadi siku kitakapoletwa kingine cha kukaa mahali pake. Walioelewa siri hiyo waliandika programu ya kupitia orodha, kuitafuta namba 229 na kuirejesha ile ya awali. Mtu aliyefuta kazi ya mwezi mzima kwa bahati mbaya aliipata tena, mradi hakuwa ameandika jingine juu yake. Mwanafunzi anayejua kisa hiki hatashangaa akiambiwa kwamba picha aliyoifuta simuni aghalabu yaweza kufufuliwa, wala hatauza simu yake kwa mgeni akidhani imesafika.

Ya pili ni ya kupitisha faili katika waya wa simu. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago, aliyekuwa mwajiriwa wa IBM, aliandika programu aliyoiita MODEM, akaikabidhi kwa umma. Laini za simu za wakati huo zilikuwa na kelele, na kelele hugeuza herufi. Christensen aliikata faili vipande vya baiti 128. Kila kipande kilipewa namba yake, na mwishoni kikatiwa hesabu ya ukaguzi. Mashine inayotuma hujumlisha thamani za baiti zote 128, ikagawanya jumla kwa 256 na kutuma baki. Mashine inayopokea hufanya hesabu ileile. Baki zikilingana, hujibu kwamba imepokea, na zisipolingana, huomba kipande kirudiwe. Mwanafunzi aliyefuzu kugawanya anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu. Mwenye akili pevu atagundua kasoro yake pia: baiti mbili zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki, na kosa hupita bila kuonekana. Wenzake waliigundua kasoro hiyo wakaongeza ukaguzi wenye nguvu zaidi. Februari 16, 1978, Christensen na Randy Suess wakafungua huko Chicago ubao wa matangazo uliofikiwa kwa simu, CBBS, wa kwanza wa aina yake kwa umma. Toka hapo programu hazikungoja posta peke yake.

Ya tatu ilizaliwa na hiyo ya pili. Modemu za wapenzi hao mara nyingi zilipitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Piga hesabu uone: diski moja iliyojaa ingechukua zaidi ya saa mbili, na bili ya simu ikiendelea kupanda. Mwaka 1981 Richard Greenlaw alitoa programu mbili, SQ ya kubana faili na USQ ya kuikunjua. Alitumia mbinu ambayo David Huffman aliichapisha mwaka 1952. Kwa kawaida kila herufi hupewa nafasi sawa, yaani biti 8. Huffman aliona kwamba huo ni ubadhirifu, na kwamba herufi itumikayo sana yafaa ipewe alama fupi, na itumikayo kwa nadra ipewe ndefu. Katika Kiswahili, herufi «a» imejaa kila mstari, na «q» haimo kabisa. Mwalimu akiwapa wanafunzi aya moja ya Kiswahili wahesabu kila herufi imejitokeza mara ngapi, watakuwa wamekwisha kuanza kazi ya Greenlaw bila kugusa tarakilishi.

Kinachonivutia zaidi ya ufundi huo ni mistari ya mwanzo ya programu zenyewe. Kwa kuwa nyingi zilisambazwa pamoja na msimbo wake, kila mtu aliweza kuzisoma. Juu kabisa, kabla ya agizo la kwanza, mara nyingi paliwekwa orodha yenye tarehe, jambo lililorekebishwa, na jina au herufi za mwanzo za jina la aliyelirekebisha. Aliyefuata hakumfuta aliyetangulia. MODEM ya Christensen ilichukuliwa na Keith Petersen, akaigeuza ili iweze kuitikia simu bila mwenyewe kuwapo, ikaitwa XMODEM, na jina hilo likaishia kuwa jina la utaratibu wote. Mark Zeiger na James Mills nao wakaijenga zaidi, ikawa MODEM7. Jina la Christensen halikupotea katika safari hiyo. Alipofariki mwaka 2024, waliomlilia walijua hasa wanamlilia kwa kazi ipi.

Mistari ile ilifanya kazi mbili. Ilimpa kila mtu heshima yake, na ilimfundisha aliyekuja nyuma jinsi kazi inavyokua, kwamba mwezi fulani palikuwa na kosa, mtu fulani akaliona, akalitengeneza hivi. Kazi zetu za darasani hukosa hasa jambo hili la pili. Wanafunzi wetu huona kitabu kilichokamilika, mtihani uliokamilika, programu iliyokamilika. Hawaoni kazi ikiwa mbovu na ikitengenezwa, na kwa hiyo huamini kwamba wenye akili hawakosei.

Pana tahadhari, nisije nikafahamika vibaya. Kufunguliwa kwa msimbo hakumaanishi kwamba kazi haina mwenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya System Enhancement Associates ya New Jersey ilitoa programu ya kubana na kufungasha faili iliyoitwa ARC, na msimbo wake ukatolewa. Phil Katz wa Milwaukee akaandika iliyofanana nayo na yenye kasi zaidi, akaiuza. Akashtakiwa mwaka 1988, na kesi ikaisha mwaka huohuo kwa mapatano ambayo Katz alilipa. Mwaka uliofuata, 1989, alitoka na muundo mpya, ZIP, na safari hii akachapisha maelezo ya jinsi muundo huo ulivyo ili yeyote aweze kuandika programu ya kuusoma. Katz alifariki mwaka 2000. Hata hivyo, mwalimu anayeandaa mtihani kwa programu ya Word na kuuhifadhi katika faili ya docx, anautumia muundo wa Katz. Asiyeamini na aifanyie faili hiyo nakala, aubadilishe mkia wa jina kutoka docx uwe zip, kisha aifungue. Atakuta ndani mafaili kadhaa yaliyobanwa na kufungashwa pamoja. Programu za simu za Android nazo hufungashwa kwa njia hiyohiyo.

Najua yapo mapingamizi. Kuna atakayesema kwamba Christensen aligawa bure kwa sababu IBM ilimlipa mshahara, na kwamba kijana wa Kenya aliyesomea uandishi wa programu anahitaji kula. Ni kweli, wala simwombi mtu agawe chakula cha watoto wake. Nchini mwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu programu ya tarakilishi kuwa miongoni mwa kazi za uandishi, na mwenye kazi ana haki ya kuiuza. Nisemalo ni kwamba viko vyombo vidogo ambavyo kila fundi huvihitaji na ambavyo hakuna atakayetajirika kwa kuviuza. Hivyo ndivyo vilivyopeanwa, na kwavyo walipatikana mafundi wengi walioweza baadaye kuuza kazi kubwa. Tena sisemi kwamba watu wale walikuwa malaika. Kifaa cha dola mia kadhaa hakikuwa cha kila mtu, na katika diski zile mlikuwa na takataka pia. Lakini takataka iliyofunguliwa husafishika.

Mwingine atauliza: kwa nini tuhangaike kuwafundisha watoto kusoma msimbo siku hizi ambapo akili mnemba huandika programu kwa kuambiwa tu? Namjibu kwamba hapo ndipo haja imezidi. Programu iliyoandikwa na mashine huenda ikawa na kosa kama iliyoandikwa na mtu, na asiyejua kusoma atalikubali kosa hilo kwa kuwa limeandikwa kwa ufasaha. Mashine hizo zenyewe zimefunzwa, kwa sehemu kubwa, kwa msimbo ambao watu waliuandika na kuuweka wazi. Kwa hiyo tungali tunakula akiba ya wale walioshirikiana.

Nageukia nyumbani. Tangu mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vipakatalishi na vishikwambi katika shule za msingi za umma. Mtaala wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi saba, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mafunzo ya uandishi wa programu. Hatua hizi nazipongeza. Hofu yangu ni kwamba mtoto anaweza kupitia yote hayo akatoka akiwa mtumiaji mwepesi wa vidole, asiyewahi kufungua programu hata moja aone mlimo. Nina mapendekezo matatu, na hakuna linalohitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, kila shule iwe na mkusanyo wake wa programu ndogo, kama zilivyokuwa diski za CP/M. Ziwe zile shule inazozihitaji kweli: ya kujumlisha alama na kupanga gredi, ya kupanga ratiba ya zamu, ya kuwasaili wanafunzi msamiati. Ziandikwe kwa lugha rahisi kama Python, na maelezo ya ndani yaandikwe kwa lugha ambayo wanafunzi wa shule hiyo huielewa vyema, Kiswahili kikiwamo. Kila programu iwe na orodha ya majina, tarehe na marekebisho juu yake. Shule isiyo na intaneti haina udhuru. Diski za inchi 8 zilisafiri kwa posta, na flashi husafiri katika mfuko wa mwalimu aendapo mkutanoni au kwenye mashindano ya michezo. Shule jirani ikichukua mkusanyo huo, irudishe na ilichoongeza.

Pili, mwanafunzi atahiniwe kwa kutengeneza, isiwe kuandika tu. Apewe programu yenye kosa, iliyoandikwa na mwenzake wa mwaka uliotangulia, aambiwe alitafute, alirekebishe, aeleze kwa sentensi mbili alichokifanya, kisha atie jina lake. Hesabu ya ukaguzi ya Christensen inafaa sana kwa zoezi la namna hii. Huandikika kwa mistari isiyofika kumi, na ule udhaifu nilioutaja hauonekani mpaka mtu aufikirie.

Tatu, na hili latuhusu sisi walimu, adabu hiyo ianzie katika chumba cha walimu. Maazimio ya kazi, andalio la somo, mtihani wa majaribio na mwongozo wa kusahihisha vina asili yake kama programu zilivyo na yake. Niliwahi kuona mwongozo wa kusahihisha wenye jibu lisilo sahihi ukizunguka kwa miaka katika shule zaidi ya moja. Kila mwalimu aliyeupata alilirekebisha kosa lile kimya kimya katika nakala yake kwa kalamu, akaipitisha mbele ile isiyorekebishwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jina la mwandishi lilikuwa limekwisha kufutwa zamani, hivyo hapakuwa na wa kuandikiwa. Wanafunzi wangapi walinyimwa alama yao kwa sababu hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Jina halimfurahishi mwenyewe tu. Ni anwani ambayo masahihisho hurudishwa.

Na tusidanganyane kwamba kusambaza vitabu vya waandishi wetu kwa simu, kurasa zote zikiwa zimepigwa picha, ni kushirikiana. Mwandishi hakuombwa, harudishiwi kitu, na hakuna aliyekiongeza kitabu hata nukta. Huko ni kuirudia kanda ya BASIC ya mwaka 1975 bila hata udhuru wa ugeni uliokuwapo wakati ule.

Anayetaka kuanza asingoje waraka. Muhula ujao achukue programu moja ndogo, aisome na darasa lake mstari kwa mstari, waitafute kasoro yake, waitengeneze, waandike majina yao chini ya jina la aliyeiandika, na waipeleke shule ya pili pamoja na ombi moja: mkiona tulipokosea, turudishieni.